Mapipa Aliyoyafukia Shemeji

Mume wa dada yangu ana mkono wa birika, na hilo nililijua siku ile ile alipokuja kwetu kuposa. Alikula vizuri, akasifu mapishi, halafu akatoa kitambaa mfukoni, akafungia mfupa uliokuwa bado una nyama, akasema ni wa mbwa wake. Wazee wa kwetu walifurahi. Walisema kijana anayemkumbuka mbwa wake akiwa ugenini hatamsahau mke. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, nikaona anavyokikunja kile kitambaa kwa makini, pembe kwa pembe, kisha anaupapasa mfuko kuhakikisha mzigo umekaa. Miaka yote niliyokwenda kwake sijawahi kuona mbwa.

Mimi nauza mitumba Busia, upande wa Kenya: nguo za watoto, mashuka na mablanketi. Dada anaishi Buhehe, upande wa Uganda, mwendo wa pikipiki tu ukishavuka mpaka. Shemeji alikuwa anafanya kazi mjini katika ofisi ya kupitisha mizigo, kazi ya kuzungusha makaratasi kutoka dirisha moja hadi jingine, na kanisani alikuwa kiongozi wa maombi. Sala yake kabla ya kula ilikuwa ndefu kuliko chakula chenyewe. Katika boma hilo hilo, ng'ambo ya jiko, aliishi mama yake mzazi, mjane mzee, katika nyumba ndogo ya bati. Baba mtu alikuwa amekufa zamani, na kaburi lake lilisakafiwa kwa saruji nyuma ya nyumba hiyo, shamba la muhogo linapoanzia.

Mambo ya kufukia yalianza mwaka ule wa korona, wakati mpaka wa nchi ulipofungwa. Malori yalipanga foleni hadi madereva wakawa wanafua nguo kando ya barabara na kuzianika juu ya matairi. Bei ya sukari ilipanda, chumvi ikaadimika, sabuni ikawa ya kukatwa vipande vipande. Kila mtu aliogopa, na watu walipoogopa walitumiana vitu kupitia vichochoro: huyu anapeleka unga, yule anarudisha mafuta. Shemeji alipoogopa alijifungia chumbani na simu. Aliangalia video za watu wa nchi za mbali wanaojiandaa kwa mwisho wa dunia, wanaojaza vyakula kwenye mapipa, wanayaziba, wanayafukia msituni na kuondoka na siri yao. Dada aliniambia hayo akicheka. Tulidhani ni mchezo wa mtu aliyekosa kazi kwa muda.

Mpaka ulipofunguliwa, shemeji alinipigia simu.

"Mulamu," akasema, maana huko ndivyo mashemeji wanavyoitana, "nitafutie mapipa ya plastiki, yale ya bluu, yenye kifuniko cha kubana na pete ya chuma. Maji yanatusumbua sana huku."

Niliyapata nyuma ya soko, kwa mtu anayeuza mapipa matupu yaliyokuwa na maji ya matunda. Muuzaji huyo ana tabia ya kuyapaka alama ya rangi nyekundu ubavuni, ili asiibiwe. Niliyasugua kwa majivu na sabuni hadi harufu ya nanasi ikaisha, nikayavusha kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Nilifurahi, nikijua dada yangu atapumzika kubeba maji.

Nilipokwenda kuwatembelea tena, nilikutana na dada njiani akitoka kisimani, jerikani kichwani.

"Na mapipa?" nikamwuliza.

"Mapipa gani?"

Nilimwacha apeleke maji jikoni, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba ya mama mtu. Nilimkuta shemeji amevua shati, suruali ya ofisini ameikunja hadi magotini, yumo ndani ya shimo hadi kifuani. Shimo lenyewe lilikuwa kando kabisa ya kaburi la baba yake. Pipa moja la bluu lililala kwenye nyasi, ile alama nyekundu ikitazama juu.

"Shemeji, maji yanatoka huko chini?"

Alishtuka, akatazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu.

"Kumbe ni wewe, mulamu. Natengeneza shimo la taka."

"Kando ya mzee?"

Akatoka shimoni, akajifuta jasho, akaanza kunieleza. Kilichonishangaza ni kwamba hakuona haya hata kidogo. Alifurahi. Nadhani siri ilikuwa imemchosha, kuibeba bila mtu wa kumsifu.

Alinipa somo zima. Maharagwe yaanikwe hadi yalie kama changarawe ukiyamwaga juu ya bati, kisha yachanganywe na majivu yaliyochekechwa. Sukari iingie katika mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja na fundo lake. Ukingo wa pipa uvishwe mpira wa ndani wa baiskeli, kifuniko kibanwe kwa pete ya chuma, halafu mshumaa uyeyushwe kuzunguka pande zote. Chini ya shimo panawekwa kokoto, maji yapate pa kwenda. Juu panawekwa mkaa na majivu ya kufukuza mchwa. Udongo unaobaki usiachwe pale, unabebwa kwa toroli na kumwagwa kwenye mashimo ya barabara, na watu wanakushukuru. Ukishasawazisha, unapanda viazi vitamu, maana mmea wake hutambaa na kufunika haraka.

"Na kwa nini hapa?"

Akatabasamu. "Nani atachimba kando ya kaburi? Hata mwizi ana woga wake."

"Siku ukipatwa na jambo, nani atajua vitu viko wapi?"

"Hakuna. Ndiyo maana yake, mulamu. Watu wakijua una kitu, umekwisha. Ukoo huu wanakula kama nzige."

Nzige aliokuwa akiwasema ni mama yake, ndugu zake walioko Nagongera, na dada yangu aliyemzalia watoto. Mtu mzima, mwenye tai na viatu vya kung'aa, amemgeuza baba yake mlinzi wa sukari. Nilimtazama pale alipokuwa, tope hadi kwenye mapaja, akinisubiri nimwambie ana akili. Nikamwambia nakwenda kumsaidia dada kumenya ndizi.

Dada nilimweleza kila kitu. Hakuacha kumenya.

"Najua anafukia," akasema. "Wapi, sijui, na usiniambie. Nikijua nitamwomba. Nikimwomba atanyima. Akininyima nitamchukia, na mimi nina watoto wa kulea hapa."

Niliondoka jioni hiyo nikimdharau shemeji kwa moyo wangu wote, na niseme kweli, dharau hiyo ilinikalia vizuri. Juu ya pikipiki nilikuwa nacheka peke yangu.

Lakini haikuwa ya kucheka kila siku. Mama yake alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mgongo umepinda, mdomo hauna meno mengi, na alikuwa mcheshi kupita sisi wote. Mimi aliniita mwanangu wa ng'ambo. Siku moja, katika miezi ya baridi ya asubuhi, nilikuwa nimekaa naye mlangoni pake tukinywa chai. Chai ilikuwa chungu, majani matupu na maziwa kidogo.

"Mwanangu wa ng'ambo," akasema, "huku sukari imekuwa kama dawa. Ni mpaka uugue."

Shemeji akapita kumsalimu kabla ya kwenda kazini. Mama yake alikuwa akimwita Baba, kwa sababu amebeba jina la babu yake.

"Baba, jana hukupata kasukari?"

"Hakuna, mama. Nimezunguka mji mzima."

"Na ile blanketi uliniambia?"

"Mwisho wa mwezi, mama."

"Mwezi gani?" mama akauliza, akaangua kicheko.

Shemeji hakucheka. Alichukua kikombe cha mama yake, akaonja, akakunja uso. "Hata mimi nakunywa hivi hivi. Tuvumilie." Hilo neno tuvumilie alilitoa kwa sauti ya kanisani, mkono kifuani. Nyuma yake, pembeni mwa nyumba, niliona majani ya viazi vitamu yameshatambaa hadi kwenye saruji ya kaburi.

Alipoondoka nilishindwa kujizuia. "Mama, huyu mtoto wako..."

Akanishika mkono. "Nyamaza. Nani anashinda hapa mchana kutwa? Mimi. Unadhani sioni? Anachimba, anafunika, anapanda viazi. Na viazi yenyewe haizai, itazaa wapi na chini kumejaa plastiki?" Akacheka tena hadi akakohoa. "Alikuwa hivyo tangu mtoto. Nilipata mimba nyingine haraka, nikamwachisha ziwa hajashiba. Labda ndiyo hiyo."

"Kwa nini humwambii kwamba unajua?"

"Nimwambie nini? Nimwombe kitu ambayo amelaza kando ya baba yake?" Alimwaga machicha ya chai nje ya mlango. "Akitaka kunipa, jembe analo."

Yeye alikuwa amemsamehe zamani, bila kuombwa, na mimi niliona amemsamehe kwa bei rahisi mno. Juma lililofuata nilimletea sukari na blanketi kutoka kibandani kwangu, la kahawia, zito, lililoungua kidogo pembeni kwa pasi. Alilipokea kwa mikono miwili akalipitisha shavuni. Shemeji alipoliona alinishukuru kwa niaba ya familia.

Mama alikufa msimu wa mvua kubwa, kwa ugonjwa wa kifua. Dada ndiye aliyempeleka kituo cha afya kwa pikipiki, amemkumbatia katikati ili asianguke, na ndiye aliyemrudisha walipoambiwa waende wakapumzike nyumbani. Alikata roho mchana, uji ukiwa bado jikoni. Alikuwa amejifunika lile blanketi langu la mtumba, na juu yake koti la dada, kwa sababu alikuwa akilalamika kwamba baridi haimtoki.

Jamaa wa karibu walifika jioni hiyo, na waliobaki kesho yake, wengine kutoka Nagongera, wengine Tororo mjini, wengine kutoka kwetu. Turubai lilifungwa uani. Shemeji alivaa suti nyeusi, akasimama mbele ya watu.

"Ndugu zangu," akasema, "nyumba hii mnaijua. Mama ametuacha hatuna kitu. Sukari hakuna, maharagwe hakuna. Mwenye chochote atusaidie tuwape wageni chai."

Akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, na hayo ndiyo yaliyonichukiza zaidi. Laiti angekuwa anaigiza ningemwelewa kidogo. Mwanamke mmoja jirani, ambaye mwenyewe hana hata mlango wa mbao, aliinuka akaenda kwake akarudi na sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Shemeji akaipokea kwa mikono miwili na kumbariki. Nilimtazama dada. Dada alikuwa anatazama chini.

Kisha likaja suala la kaburi. Baba mdogo wake, yaani mdogo wa marehemu baba yake, mzee mkali asiyependa maneno mengi, alisema vijana wachimbe kando ya kaburi la mume wa mama.

"Pale kuna maji, baba mdogo," shemeji akasema haraka. "Jeneza litaelea."

"Maji? Juu ya kilima?"

"Na mwamba. Chini kuna mwamba."

"Maji ama mwamba? Chagua moja."

Watu wakacheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka msibani. Shemeji akasema mama alipenda kukaa karibu na jiko, azikwe huko. Baba mdogo akakataa. Ndipo shemeji aliposema mama alimtokea katika ndoto na kumwonyesha mahali.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, alikuwa amekaa kwenye mkeka amenyoosha miguu. "Ndoto ya lini?" akauliza. "Mama yako amekufa jana mchana, na usiku kucha ulikuwa hapa na sisi unaimba. Ulilala saa ngapi?"

Mjadala ukaishia hapo. Vijana wa ukoo walibeba majembe na mtaimbo wakaenda nyuma ya nyumba. Waling'oa majani ya viazi, wakapima kwa kamba, wakaanza. Shemeji aliwazunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga. Sogezeni kidogo upande wa muhogo. Anzieni huku. Hapo udongo ni mbaya. Mwisho mmoja wao akamwambia, kwa heshima, "Mzee, enda ukae na wageni. Hii kazi tunajua."

Nilikuwa nimesimama karibu nao. Nilisikia mtaimbo unagonga kitu, na mlio wake haukuwa wa jiwe, ulikuwa mlio wa kitu chenye tumbo. Yule kijana aliyekuwa shimoni aliruka nje akapoteza kiatu.

"Tumegonga jeneza ya mzee!"

Wanawake walipiga kelele. Waliokuwa chini ya turubai wakaja mbio, wengine wakakimbilia barabarani. Mchungaji alikuja ameshika miwani mkononi. Baba mdogo alipenya katikati ya watu, akachungulia, akachokoa kwa fimbo yake.

"Ndugu yangu nilimzika mimi, na jeneza ilikuwa ya mbao," akasema. "Hii kitu ni plastiki."

Walifukua kidogo, kifuniko cha bluu kikaonekana. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakosi penye chakula, akainua mkono watu wanyamaze.

"Kabla hamjaitoa, nataka kujua hii kitu ni ya nani. Inaweza kuwa bunduki. Inaweza kuwa bangi. Mwenye boma yuko wapi?"

Watu wote wakamgeukia shemeji. Nilimtazama usoni. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: ni yangu, nilikuwa naweka akiba. Watu wangeguna, baba mdogo angemtukana kidogo, jioni watu wangekuwa wamesahau. Hata mimi, nadhani, ningemheshimu kwa dakika chache.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Labda ni watu wa magendo. Wanapita sana huku."

"Watu wa magendo wanafukia vitu kwa kaburi ya baba yako, na wewe uko hapa?"

"Mimi nakwenda kazini asubuhi."

Wakati huo vijana walikuwa wamelizungushia kamba na kulivuta nje. Likabingirika, na alama nyekundu ikanitazama. Nilifungua mdomo. Dada alinishika kiganja akakibana hadi vidole vikauma, kisha yeye ndiye aliyesema.

"Mwenyekiti, mwenye boma amesema si lake. Mimi pia, si langu. Lifunguliwe. Kama ni bunduki, ichukue. Kama ni chakula, tupike, wageni wana njaa." Akamgeukia mumewe, bila hasira yoyote usoni. "Au wewe unasemaje?"

"Sawa," shemeji akasema.

Alikuwa ameziba vizuri, hilo siwezi kumnyima. Ilibidi watumie panga kukata ule mshumaa, na kifuniko kilipotoka kilitoa pumzi kama soda. Maharagwe yalikuwa safi ndani ya majivu yake. Sukari haikuwa imeshika unyevu hata chembe. Kulikuwa na chumvi, mafuta ya kupikia, miche ya sabuni. Na chini kabisa, bado ndani ya mifuko yake ya dukani yenye zipu, kulikuwa na mablanketi mawili mapya, mazito, moja lenye picha ya simba na jingine la maua.

Waliokuwa wakimtembelea mama katika miezi yake ya mwisho walielewa mara moja. Wengine walielezwa kwa minong'ono, na mnong'ono ulizunguka uwanja mzima kabla majembe hayajashikwa tena. Hakuna aliyemnyooshea shemeji kidole. Waliacha tu kusimama karibu naye.

Shangazi aliinama akalitoa lile blanketi la maua. Alifungua zipu, akalitikisa, akaanza kutembea kuelekea sebuleni jeneza lilipokuwa. Nilimfuata, na shemeji akatufuata hadi mlangoni. Shangazi alifungua kifuniko, akamfunika wifi yake kuanzia miguuni hadi kidevuni, akachomeka kingo chini ya mabega kama mtu anayemlaza mtoto.

"Shangazi," shemeji akasema kwa sauti ya chini, "hilo ni jipya. Litaoza bure."

Shangazi hakugeuka. "La nani?"

Shemeji akatazama nyuma, uani, kama kuna anayemsikiliza.

"Nimekuuliza. La nani?"

Alinitazama mimi, akatazama jeneza, akatoka nje. Nimeona watu wengi wakikosa haya mpakani, wanaoapa kwa watoto wao kwamba gunia la vitenge ni nguo za kuvaa wenyewe. Sijaona mtu aliyemkana mama yake mara mbili kwa siku moja, kwanza kwa pipa, halafu kwa blanketi.

Mama alizikwa kando ya mumewe, pale pale pipa lilipokuwa, na vijana hawakuchimba sana kwa sababu nusu ya kazi ilikuwa imeshafanywa. Baada ya mazishi watu walikula maharagwe yaliyoungwa kwa mafuta. Chai ilikuwa tamu. Shemeji alipewa kikombe kama wengine, na mimi nilikaa mahali ambapo ningemwona vizuri. Nilidhani hataweza kumeza. Alitia sukari, akakoroga, akaonja, akatia tena.

Blanketi la simba lilitoweka mchana huo huo. Nasikia liko kwa mwenyekiti.

Siku zilizofuata kijiji kizima kiliingiwa na ugonjwa. Vijana walipita na nondo wakizichomeka ardhini, kwenye boma la shemeji na hata kwenye mashamba ya watu wasiohusika. Wale wale waliotikisa kichwa msibani wakisema aibu, aibu, sasa walikuwa wanasikiliza udongo kama madaktari. Shemeji aliweka kiti uani, akawa anakaa hapo akitoka kazini, akiwaambia hakuna kitu, hakuna kitu. Na hakuweza kuwafukuza kwa nguvu, maana angelinda nini kama hakuna kitu?

Dada ndiye aliyemaliza jambo hilo. Asubuhi moja, mumewe alipoondoka, alichukua jembe akatembea kwenye shamba akitafuta mahali ambapo viazi vimetoa majani mengi bila kiazi. Mama mkwe alikuwa amemfundisha dalili hiyo, kumbe, kabla hajafa. Aliyapata mapipa mengine yote. Moja lilikuwa salama. Mengine maji yalikuwa yamepenya, maharagwe yameota ndani kwa ndani yakafa, sukari imekuwa maji meusi yenye harufu ya pombe. Aliyatoa yote, mazima na mabovu, akayaanika juu ya turubai mbele ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye barabarani angeona.

Shemeji aliporudi jioni alizunguka lile turubai. Dada alisimama mlangoni akimsubiri aseme. Mumewe akainama, akachukua konzi ya maharagwe yaliyooza, akayanusa.

"Mulamu alileta mapipa mabovu," akasema.

Dada aliponisimulia kwa simu nilicheka hadi mteja aliyekuwa anapima suruali ya mtoto akaiweka chini, akadhani namcheka yeye.

Sasa dada ameigeuza nyumba ya mama mkwe kuwa ghala. Mlango hauna kufuli. Majirani huja na bakuli, na wengine hurudisha baada ya mavuno, wengine hawarudishi. Shemeji haingii humo. Anakula kinacholetwa mezani, na kanisani bado anaongoza maombi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwondoa. Mimi huenda bado, lakini salamu yangu kwake imekuwa ya kutupa, kama mtu anayemrushia kuku mahindi.

Mara ya mwisho dada alinivuta kando jikoni.

"Msalimie vizuri."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe jioni unavuka mpaka unakwenda kwako. Wewe ukishaondoka, mimi ndiye ninayebaki na uso wake."

Nilikwenda. Shemeji alikuwa anatengeneza ua upande wa barabara, nyundo mkononi na misumari mdomoni. Nilimpa mkono. Akaitoa misumari, akaupokea.

"Biashara inaendaje, mulamu?"

"Inaendelea vizuri, shemeji. Kazi?"

"Tunashukuru Mungu."

Alibaki amenishika mkono, kama mtu mwenye neno lingine. Sikumsaidia kulitoa. Pikipiki ilikuwa inanisubiri, nikapanda.